Ngazi haifiki juu! Uzoefu wangu na nyumba ya midoli ya kujijengea (na hapana, sio ya mtoto)

Naandika hii hasira bado ninayo, kwa hiyo kama kuna mahali nitajipinga mwenyewe mnivumilie. Miezi kadhaa iliyopita, sikumbuki lini hasa ila ilikuwa kipindi kile nimetoka kuhama, niliagiza mtandaoni seti ya nyumba ya midoli, zile zinazokuja vipande vya plaiwudi unajenga mwenyewe, ghorofa moja juu, skeli ya 1:12. Vipande viko vingapi, boksi lina uzito gani, taa ngapi, hayo mtayasoma kwenye tangazo lao. Mimi nimekuja kuongelea kitu kimoja. NGAZI.

Ngazi haifiki juu.

Nairudia maana najua kuna anayesoma juu juu. Ngazi ya kutoka sebuleni kwenda ghorofani, uliyoipiga msasa kipandio kwa kipandio usiku mbili, ukaipaka rangi, ukaisubiri ikauke, ukaishika kwa kibano kama unashika yai, ukiisimamisha mahali pake inaishia hewani. Chini imekaa vizuri, juu kuna pengo. Nikafikiri nimeigeuza. Nikaigeuza, ikawa vichekesho zaidi. Nikachukua rula: sentimita 1.5.

Sasa mtu atasema sentimita moja na nusu ni nini bwana, si upana wa kidole tu. Ngoja nikwambie. Kwenye 1:12 inchi moja inasimama badala ya futi moja, kila kitu unakigawa kwa 12. Mlango wa mita 2 unakuwa sentimita 16 na ushee. Kipandio cha ngazi ya kawaida, hiyo unayopanda kila siku, kina kimo cha kama sentimita 18. Gawa kwa 12. Umeona? Sio kwamba mbao ilisinyaa, sio kwamba nilikosea kuunganisha. Kuna mtu alikaa akachora ngazi, akahesabu vipandio, akaruka kimoja, akaenda zake kulala. Ukikuza nyumba hii iwe ya kweli, mwenye nyumba akifika juu kabisa inabidi aparamie sakafu kwa magoti na viwiko akienda chumbani kwake, kila siku, na nguo zake za kulalia.

Nikawaandikia kastama kea wao. Kwa upole, skrinshoti ninazo. Nimepiga picha ngazi na rula pembeni, nikasema habari zenu, ngazi imepungua kipandio kimoja, naombeni msaada. Kimya siku kama tatu hivi, au nne. Halafu jibu:

"Habari mama, pole sana. Mtoto ana miaka mingapi?"

Mtoto gani? Nikaangalia juu kama nimetaja mtoto mahali. Sijataja. Nikajibu hakuna mtoto, nyumba ni yangu mwenyewe. Akaandika, "Sawa mama, kwa hiyo mtoto hajaumia?" Nikavuta pumzi. Nikaandika tena, ndugu yangu, sijui naongea na dada au kaka, mimi ni mtu mzima, naijenga mimi, nitaiweka sebuleni kwangu, hakuna mtoto yeyote kwenye hii stori, ngazi ni fupi. Akatuma kile kiemoji cha kucheka mpaka machozi. Akakifuta, lakini nilishakiona, na alijua nimeshakiona. Kisha akamalizia:

"Kwa matumizi ya kuchezea haina shida mama, midoli haipandi ngazi."

Jamani.

Midoli haipandi ngazi. Hiyo sentensi nimelala nayo nimeamka nayo. Nimeifikiria nikiwa napiga mswaki. Kwani midoli inachungulia dirishani? Mbona madirisha mmeweka? Midoli inalala? Mbona kuna vitanda viwili na mito? Si mngetuma boksi tupu mkaandika juu yake NYUMBA tukamaliza! Mtu ananunua kitu hiki kwa sababu moja tu, kwamba kila kilichomo ni kama cha kweli ila kimepungua. Ukitoa ule ukweli, umebaki na mbao.

Nikamtumia meseji ndefu ambayo leo naionea aibu kidogo, kidogo tu. Nikamwambia haya mambo yalianza kwa watu wazima, watoto walikuja baadaye. Nikamwambia kuna mama wa Amsterdam anaitwa Petronella Oortman, alianza nyumba yake ndogo kwenye miaka ya 1680 akaipamba kwa miaka mingi mno, vyombo vya kaure vya kwenye nyumba hiyo viliagizwa China, vidogo hivyo hivyo, na leo nyumba iko kwenye makumbusho ya Rijksmuseum watu wanapanga foleni kuiona, hakuna aliyemuuliza mtoto wake ana miaka mingapi. Nikamwambia Malkia Mary wa Uingereza alijengewa yake kati ya 1921 na 1924, msanifu alikuwa Edwin Lutyens ambaye alikuwa anajenga majengo makubwa ya serikali, skeli 1:12 kama hii hii yenu, na mle ndani umeme unawaka, maji yanatoka bombani, choo kinavuta maji. CHOO KINAVUTA MAJI, na nyie ngazi imewashinda. Nikamwambia kule Marekani Frances Glessner Lee alitengeneza vyumba vidogo vya matukio ya vifo, kila kitu kwa vipimo, ili mapolisi wajifunze kupeleleza. Hebu fikiria polisi anachunguza mtu alianguka vipi kwenye ngazi, halafu ngazi yenyewe haifiki juu.

Akajibu, "Asante kwa mrejesho mama."

Basi hapo nikaweka nyota moja. Nilishaandika na maneno, makali kuliko haya.

Ila sasa hapa ndipo ninapojichanganya mwenyewe, maana ile nyota moja sikuituma. Nilitaka nipige picha ya ushahidi, pengo lionekane vizuri, nikawasha taa za mle ndani ili picha isiwe giza, na nikasahau nilichokuwa nafanya. Nilikaa pale chini nimeinamisha shingo nachungulia sebule ya kwangu ndogo kama mwizi.

Yaani sijui niielezeje hii raha kwa ambaye hajaigusa. Unaanza saa mbili usiku unasema nabandika tu hii karatasi ya ukutani nikalale, unashtuka saa nane. Na usibandike zile karatasi zinazokuja na seti, za kwao zina maua makubwa, ukizidisha kwa 12 ua moja ni sawa na sinia. Mimi nilikuwa na bahasha za barua, zile ambazo kwa ndani zina vimichoro vya bluu vya kuficha maandishi. Nikazifungua, nikazipiga pasi ya moto mdogo, nikabandika chumba kizima. Mtu akiona anauliza umeitoa wapi wolpepa hii. Picha za ukutani ni stempu za zamani nilizozikatia fremu za vijiti vya meno. Chungu cha maua ni kifuniko cha dawa ya meno. Saa ya ukutani ni uso wa saa ya mkononi iliyokufa zamani, imesimama saa tisa na dakika ishirini na inapendeza hivyo hivyo.

Mapazia ndiyo yaliyonifunza adabu. Kitambaa kikiwa kidogo kinagoma kuning'inia, hakina uzito. Pazia la kawaida linajiangukia lenyewe, ila ukikata kipande cha urefu wa kidole ukakibandika kwenye fimbo kinasimama kikavu kama kadi ya mwaliko, kinatokeza mbele kinakutazama. Nilirudia mara nne. Mwishowe nikachukua leso nyembamba ya zamani iliyolegea kwa kufuliwa, nikailowesha gundi nyeupe niliyoizimua na maji, nikaipanga mikunjo mmoja mmoja kwa ncha ya kibano juu ya povu gumu nililolifunga nailoni isigande, nikapachika pini kila bonde. Asubuhi nikatoa pini. Ilikuwa pazia! Linaanguka, lina mikunjo, limejaa pale chini kidogo kama pazia la mtu aliyekata kitambaa bila kupima. Nililipeleka mlangoni kwenye mwanga nikawa naligeuza geuza, nimevaa taulo, nimeshachelewa kazini.

Kwa hiyo nikafuta nyota moja nikaweka nne. Nne na nusu kama ingewezekana.

Halafu nikiwa mkweli (sipendi kuwa mkweli nikiwa na hasira), hii ngazi na mimi nina lawama yangu kidogo. Wanaojua hizi kazi wote wanakwambia, kabla ya gundi, simamisha nyumba nzima kwa selotepu ya karatasi uone kama kila kitu kinakaa. Mimi nilikuwa na haraka. Nikagundisha kuta, nikagundisha sakafu ya juu, ngazi nikaiacha mwisho kwa kuwa karatasi ya maelekezo nayo inaiweka mwisho. Ningepanga kwanza bila gundi ningeliona pengo mapema, ningeshusha sakafu ya juu hiyo sentimita moja na nusu, kwisha. Na dirisha moja la plastiki limepata ukungu mweupe hautoki, hilo ni kosa langu kabisa, nilitumia supa gluu na mvuke wake ukiganda kwenye plastiki angavu ndio unafanya hivyo. Tumieni gundi nyeupe kwenye madirisha. Sasa hivi nasema watu wa nyumba hiyo wanapika, jikoni kuna mvuke.

Lakini hata kama nina lawama, mimi sikucheka na kiemoji. Nirudi hapo kidogo. Angesema tu "pole dada, kweli tumekosea kipimo", ningeridhika, wallahi ningekuwa mteja wao mpaka leo. Kilichonikera ni kwamba kipimo hakikuwashughulisha, kwa kuwa kichwani mwao hiki ni kitu cha kumnyamazishia mtoto, na mtoto atajuaje. Watoto wenyewe wanajua! Mpwa wangu wa darasa la pili alikuja akaitazama hiyo ngazi sekunde kama mbili akasema anti, atashukaje?

Basi nikatengeneza kipandio mwenyewe. Vijiti viwili bapa vya mbao, vile vya kukorogea kahawa, nikavipachika juu ya kijibao chakavu mpaka unene ukafika, nikavikata upana mkubwa kidogo kuliko vipandio vingine, nikazungusha kona moja kwa msasa, nikapaka rangi ya viatu ya kahawia nikaifuta kwa soksi. Nikakiweka chini kabisa, ngazi nzima ikapanda juu yake. Kile kidude cha kushikia mkono nacho ikabidi nikiongezee kijiti cha meno kifike chini. Gundi ilipokauka nikasukuma kwa kidole, haikutikisika. Imefika juu. Imegusa sakafu ya juu bila hata upenyo wa kupitisha karatasi. Nilipiga kelele, nyumbani niko peke yangu.

Juzi juzi shangazi amekuja, mtu ambaye hasifii kitu. Akainama, akafumba jicho moja, akatazama kimya muda mrefu mpaka nikaogopa. Akauliza, "Humu anaishi nani?" Nikasema bado sijaamua. Akasema, "Hii ngazi nzuri. Hasa hapa inapoanzia."

Inapoanzia! Kile kipandio! Kitu pekee kwenye hiyo ngazi ambacho wao hawakuniuzia! Nikarudi nikaondoa nyota mbili, maana nilivyofikiria vizuri zile nne nilizokuwa nawapa zilikuwa zangu mimi, wolpepa yangu, pazia langu, kipandio changu. Za kwao ni mbili, moja ya plaiwudi, imekatwa safi kwelikweli vipande vinaingiana bila kulazimisha, na moja ya taa. Kwenye taa siwezi kuwaonea, nyaya zake nyembamba kama unywele unazipitisha nyuma ya karatasi ya ukutani hazionekani kabisa, ila zipitishe KABLA ya kubandika, usiniulize nimejuaje.

Nilidhani imeishia hapo. Wiki iliyopita au ile ya kabla yake nikapigiwa simu kuna mzigo wangu. Nafungua, ni ngazi. Wametuma ngazi mpya nzima bila kunitaarifu, imefungwa vizuri, na kikadi kimeandikwa kwa mkono "Kwa mtoto wetu mpendwa, pole!" na stika ya dubu ameshika puto.

Nimeipima. Imepungua sentimita 1.5.

Sijui tena nihisi nini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mtu amehangaika, ameandika kadi, amebandika na dubu, na kipandio bado hakipo. Nyota waachieni mbili, au tatu, nitaona. Ngazi ya pili imekaa mezani inanitazama, na nilivyokuwa naizungusha jana nikaona kwamba nyumba yenye dari la chini kidogo inaitosha bila kuongeza chochote, kwa hiyo nimeshachora kuta kwenye karatasi ya hesabu, chumba kimoja chini kimoja juu, plaiwudi nitakata mwenyewe.

Stika nayo sikuitupa. Ina sentimita 5, kwa hiyo mle ndani ni picha ya sentimita 60, kubwa ya heshima. Nimeikatia fremu, nimeitundika ghorofani pale ngazi inapoishia, ukifika tu juu unakutana na dubu.