Ukurasa wa mwaka 1493 umepata fremu Lamu

Miezi mitano ukurasa wangu umekaa ndani ya bahasha naogopa kumpa mtu yeyote, sa hii uko ukutani na lazima nimsifu huyu mzee wa nakshi mwenye karakana kwa uchochoro wa nyuma ya uwanja wa Mkunguni. Kwa wasiojua, ni ukurasa mmoja tu wa kile kitabu cha Ujerumani, Kronika ya Nuremberg, historia ya dunia kuanzia kuumbwa mpaka Kiyama, Anton Koberger aliichapa 1493, picha 1,809 zote zimetoka kwa vibao 645 vya mbao vilivyochongwa vikapakwa wino, yani kibao kimoja cha mfalme kinarudi mara kadhaa na jina lingine, hata miji pia hivo hivo. Wangu ni wa Kilatini, wafalme wa Agano la Kale wanachomoza kwenye maua ya mti wa ukoo.

Mi nilitaka fremu tu. Mzee kavaa miwani, hakugusa, akauliza, "Hii kachonga nani?" Nikamwambia ami, kibao hakipo, hii ni chapa yake. "Najua mwanangu, nauliza mkono." Nikamtajia karakana ya Michael Wolgemut, ile yule msanii mashuhuri Albrecht Dürer alijifunza kazi akiwa kijana. Basi tukainama na lenzi mpaka adhuhuri. Akanionyesha mstari wa pembeni uliokatika, akasema hapo mbao ilimegeka, na mimi nauangalia kila siku nikidhani ni wino umeisha! Akasema yeye mlangoni anachimba ua litokeze, na huyu naye kachimba vile vile, ila wino unakaa juu ya kilichobaki, na lazima uchonge kinyume ndio picha itoke sawa. Nikamfungulia kwa simu ule ukurasa wa Nabii Nuhu na mafundi wa safina, akacheka kwa furaha, akasema hawa wangepata kazi Matondoni, kijiji chetu cha waunda majahazi.

Fremu ni ya msaji, nakshi nyembamba pembeni tu, haishindani na picha. Elfu sita na mia tano, na kwa kazi ile naona ni haki. Ilichelewa siku kumi, ilikuwa Maulidi, sikulalamika.

Sasa hapa muwe macho. Kijana wake alishafungua gundi apake nyuma ya ukurasa aubandike kwa kadibodi ya kawaida, nikapiga kelele. Karatasi ya zamani ya matambara ya kitani imevumilia miaka mia tano na zaidi, gundi ile ingeimaliza. Nikatoa kadi yangu isiyo na asidi, tukaushika kwa vipembe vya karatasi vya kuchomeka kona zake, bila gundi kuugusa, na kioo kikawekewa nafasi kisilale juu ya picha, maana na unyevu huu wetu wa bahari vitashikana. Mzee mwenyewe alielewa mara moja, akamkemea kijana.

Na tafadhali, mkinunua kurasa ulizeni kwanza kitabu kilikuwaje. Wangu ulitoka kwa kitabu kilichokwisha haribika zamani. Wanaokata kitabu kizima wauze moja moja wananiuma roho sana, wala sinunui kwao.

Mkienda nendeni asubuhi mwanga ukiwa mzuri, na mbebe kadi yenu, pale hakuna.