Nailoni, fluorokaboni au waya? Lida ninazotumia Malindi na Watamu

Kwa anayevua kwa fimbo huku kwetu, pesa iende kwanza kwenye lida, kile kipande kinachokaa kati ya mshipi mkuu na ndoana. Rili ya bei kali itasubiri. Meno ya samaki yanaishia hapo, na mwamba nao unasugua hapo hapo. Nimevua kwa nailoni, fluorokaboni na waya, na kila moja nimeipatia maji yake.

Fluorokaboni, aina ya mshipi wa plastiki, ndiyo inayosifiwa zaidi na ndiyo inayomaliza mfuko. Mimi hununua Seaguar ya Japani, iliyoanza kutengeneza mshipi wa aina hii mwaka 1971. Kwamba haionekani vizuri majini si porojo za dukani. Kipimo cha maji cha kupinda mwanga ni kama 1.33, cha fluorokaboni 1.42, na cha nailoni kinapita 1.5, kwa hiyo nailoni humeta zaidi machoni pa samaki. Kaskazi ikitulia, nje ya mwamba maji huwa meupe mpaka unaona kivuli cha mashua kwenye mchanga. Hapo changu hukisogelea chambo, akakizunguka, akaenda zake. Nikifunga fluorokaboni ya paundi 30 (ndiyo nguvu inayohimili kabla ya kukatika), urefu wa mita moja na nusu hivi, anakula bila wasiwasi. Watamu kuna hifadhi ya bahari, kwa hiyo nazungumzia maji ya nje ya mipaka yake.

Kwa jigi, vile vyambo bandia vizito vya kuchezesha kina kirefu, ninapowatafuta kolekole na chewa, napanda hadi paundi 60 au 80. Mshipi wangu mkuu ni wa kusuka, una nguvu sana lakini ukigusa tumbawe tu umekwisha, na chewa akishaumwa na ndoana anakimbilia pangoni. Fluorokaboni huvumilia msuguano huo. Kila nikipandisha samaki napitisha ukucha kwenye sentimita za mwisho karibu na ndoana. Nikihisi mkwaruzo, nakata na kufunga upya. Shida yake iko kwenye fundo: ni ngumu, lazima uilowanishe kwa mate na kuikaza polepole, la sivyo inaungua na joto la kukazwa na kukatika palepale fundoni.

Sasa njoo upande wa mto Sabaki mvua zikinyesha bara. Maji yanakuwa ya chai ya maziwa, na sioni sababu ya kulipia kitu kisichoonekana mahali ambapo hakuna kinachoonekana. Nailoni ya kawaida inatosha kabisa. Nailoni naiheshimu pia kwenye kurambaza, yaani kuburura chambo nyuma ya mashua, maana inavutika kidogo na kumeza ule mshtuko samaki anapopiga chambo mashua ikiwa mbioni. Kwa nduwaro naweka nene, paundi 80 hadi 100, kwa sababu mdomo wake mrefu ni tupa, unasaga mshipi muda wote anapopigana. Ila nailoni hufyonza maji na jua huichosha, kwa hiyo naibadilisha mapema.

Nguru ni habari nyingine. Meno yake ni makali kama wembe, na paundi 80 za fluorokaboni anazikata bila wewe kuhisi kitu mkononi, unavuta mshipi mtupu. Hapa sina mjadala, ni waya. Natumia waya wa uzi mmoja, wa chuma kisichoshika kutu, wa rangi ya kahawia usiong'ae, sentimita 30 tu, na mwisho wake nausokota kwa mkono badala ya kuubana. Chambo ni chuchunge, na ndoana ya pili naiweka karibu na mkia, kwani nguru hupenda kukata nyuma. Mzia naye ni hivyo hivyo. Waya ukishapinda kona, tupa, usijaribu kuunyoosha.

Kuna duka niliuziwa nailoni iliyopakwa fluorokaboni juu juu kwa bei ya fluorokaboni halisi. Tangu hapo nasoma maandishi madogo ya kwenye kasha, na nikibaki na shaka naomba kipande kifupi nikizamishe kwenye glasi ya maji kwa kidole. Fluorokaboni halisi ni nzito karibu mara 1.8 ya maji, inashuka chini mara moja. Nailoni inajivuta. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mimi hanipati.