Glovu, Brashi ya Waya na Shampuu: Ipi Inafaa Manyoya ya Sungura?

Haya, karibuni tena. Leo mezani nina vitu vitatu vinavyouzwa kwa ajili ya manyoya ya sungura: shampuu, brashi ya waya na glovu ya mpira yenye vinundu. Sungura mwenyewe huyu hapa, wa manyoya mafupi, na sasa hivi ananyonyoka balaa. Na wewe unayetaka kuandika "anapikwa lini", nimeshakuona.

Shampuu sitaifungua. Sungura haogeshwi, jamani. Ukimlowesha mwili mzima anapata hofu, anapoteza joto haraka, na manyoya yanachelewa kukauka. Wengine hufa kwa mshtuko. Akichafuka mahali, pafute kwa kitambaa chenye unyevu, basi.

Brashi ya waya: najipitishia mkononi, mnaona mikwaruzo? Ngozi ya sungura ni nyembamba mno, huchanika upesi. Mwenye sungura wa Angora, wale wa manyoya marefu, atahitaji kitana cha kufungulia mafundo, tena kwa subira, ila siyo hii.

Glovu sasa. Unampapasa tu kufuata ulalo wa manyoya, naye anatulia. Tazama kilichobaki kiganjani! Haifungui mafundo, hilo niseme wazi, lakini kwa manyoya mafupi naichagua hii. Mara moja kwa wiki inatosha. Akiwa ananyonyoka, kila siku.

Sababu ni hii: sungura hujilamba kama paka, ila hana uwezo wa kutapika. Manyoya anayomeza lazima yapite tumboni, na kinachoyasukuma ni nyasi kavu. Kwa hiyo kabla hujanunua glovu, hakikisha nyasi hazikosekani bandani. Akigoma kula na choo kikakatika, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Ukiwa na glovu mkononi, mgeuze umkague nyuma. Kwenye joto letu hili, nzi hutaga kwenye manyoya yenye kinyesi au mkojo, na funza wanaweza kutoka ndani ya siku moja. Ukiona mba nyingi mgongoni, huenda ni utitiri. Hapo pia ni daktari, siyo dawa ya viroboto ya mbwa. Soma kibandiko: ikiwa na fipronil, irudishe kabatini, hiyo inaua sungura.