Sista wa presha nusura anipe ugonjwa nisionao (Tanga)

Hospitali siitaji jina, ila ni Tanga mjini. Nilienda kutolewa uvimbe kwenye kizazi, ndugu wameshachangia damu, nimefunga tangu usiku, na wallahi nilikuwa naogopa mpaka vidole vimepoa. Anakuja sista na mashine ya presha, salamu hana, kanifunga ule mkanda juu ya mkono wa dera, mkono wenyewe unaning'inia kitandani, huku ananihoji mambo ya malipo na mwenzie pembeni anasimulia mgonjwa wa juzi alivyochelewa kuzinduka. Mie nimelala hapohapo nasikia! Mashine ikasoma 182 kwa 108, mapigo 124. Akapaza sauti wodi nzima isikie, "Mama una presha unaficha, unataka ukatufie tiata?" Presha mie sina, kliniki siku zote nasoma 120 na kitu. Nikaondolewa kwenye orodha, huyo nikarudi Ngamiani na beseni langu.

Sikatai, presha ya kweli kwenye kisu ni hatari, daktari kuahirisha ana haki yake. Lakini jamani hofu inapandisha presha, hata muuza mihogo anajua. Ukiogopa mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, mishipa inabana, namba zinapaa. Ndo maana mtu anakalishwa kwanza kama dakika 5, mgongo umeegemea, mkono mtupu usawa wa moyo, haongeleshwi, na namba ikiwa mbaya unarudia. Huyu kapima mara moja tena sokoni!

Sasa nisidhulumu. Niliporudi baadaye nikampata kijana wa usingizi, kavuta kiti kakaa, "Shikamoo mama, unaogopa nini hasa?" Nikamwambia naogopa nisiamke. Akanieleza nitachomwa sindano ya mgongo, nitakuwa macho ila kiunoni kushuka sisikii maumivu, na yeye hatoki kichwani kwangu mpaka washone. Kapima, 146. Katulia, karudia, 132 kwa 84, mapigo 88. Mwili uleule!

Operesheni safi, kidonda kimekauka vizuri, nilitaka niwape nyota zote. Halafu siku ya kutoa nyuzi namkuta yuleyule sista ananiambia "ee, mama presha umerudi". Mbili zinawatosha, na zote ni za kijana wa usingizi. Mkienda muulizieni yeye, na mkibanwa mkojo nendeni chooni kabla hamjapimwa, maana nao unapandisha na sista hatowauliza.