Chupa mbili nyekundu, pweza mmoja

Jioni moja Bagamoyo, pweza akiwa juu ya jiko la mkaa, tulifungua chupa mbili za mvinyo mwekundu. Ya kwanza ya Stellenbosch, Afrika Kusini, kutoka shamba dogo la familia: Cabernet Sauvignon iliyochanganywa na Merlot, aina mbili za zabibu nyekundu. Cabernet ina ukakasi unaokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokolea, Merlot huulainisha. Peke yake, safi sana. Ila kwa pweza wa ndimu na pilipili, mdomo ulibaki na ladha ya chuma.

Ya pili ya Dodoma, zabibu za Makutupora. Kule huvuna mara mbili kwa mwaka. Ni mwepesi zaidi, na ukiupooza kidogo kwenye barafu (joto la pwani si mchezo) unateremka wenyewe. Ule mchanganyiko wa Stellenbosch nauwekea mishikaki ya ng'ombe.