Wasichana wa pinki au msichana wa sataranji?

Jumamosi, umeme uliporudi hapa Kadutu, Bukavu, nilitazama filamu mbili na mabinti wa dada yangu.

Mean Girls ya 2004 inachekesha kweli. Lakini kwa wasichana wake wakuu, maisha ni umbea, nguo na wavulana. Kila Jumatano lazima pinki. Cady, mhusika mkuu, anayezijua hesabu vizuri, anakosea makusudi ili mvulana amsaidie. Hapo mkubwa, wa miaka 15, alikunja uso: «Mama mdogo, nani anatupa pointi hivyo?» Mwishoni Cady anashindana kwenye hesabu, ila kinachobaki kichwani ni zile nguo.

Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair, ya 2016, iko kwa majirani zetu, Kampala. Phiona Mutesi anauza mahindi, anajifunza sataranji (chess). Anajivuna, analia akishindwa, anagombana na mama yake. Ndiyo maana namwamini. Hata dada yake Night, aliyemfuata mwanamume mwenye pikipiki, filamu haimdharau. Ningechagua hii mara kumi.

Asubuhi nilimkuta mdogo amepanga vizibo vya soda mezani kama kete za sataranji. Alinionyesha kimoja kidogo, kilichopinda: «Huyu akifika ng'ambo, anakuwa malkia.»