Miezi saba na betri za kubadilisha: namba 17 na namba 32

Natengeneza vileja na visheti nyumbani Fuoni, Unguja, na kusambaza nasambaza mwenyewe: Mwanakwerekwe, Darajani, Bububu, kisha narudi. Mzunguko wote ni kiasi cha kilomita 40. Vespa yangu ya petroli ilinifaa miaka tisa, lakini mwisho ikawa inakunywa lita moja na nusu kwa safari hiyo, na kila ZURA, wasimamizi wa nishati Zanzibar, ikitangaza bei ya mafuta ya mwezi nilikuwa nakaa na daftari kupiga hesabu upya. Ndipo nikanunua vespa ya umeme, hii ya kubadilisha betri. Chombo changu, betri yao. Nalipa kila ninapobadilisha.

Kazi yenyewe ni nyepesi. Unafika kituoni, unafungua kiti, unachomoa plagi, unainua betri kwa mshikio wake. Ina kilo 14, uzito wa ndoo ya maji. Unaitia kwenye tundu la kabati lililo wazi, na mlango wa pili unafunguka, ndani mna betri yenye taa ya kijani. Siku ya kwanza nilitazama saa: dakika mbili na kidogo. Jirani yangu ana vespa ya kuchomeka nyumbani, naye huiacha kwenye umeme saa tano. Mimi nalipa shilingi 2,500, chini ya bei ya lita moja, na naondoka. Kwa hilo nawasifu kwa moyo mmoja.

Taabu yangu ni kwamba betri hazilingani, na hakuna anayekwambia.

Kila betri ina namba ubavuni. Mwezi wa pili nilianza kuandika namba na kilomita, kwa sababu baadhi ya siku nilikuwa narudi nyumbani na chaji tele, na siku nyengine taa nyekundu inawaka kabla sijafika Mwanakwerekwe nikirudi. Daftari likanionesha. Namba 17 inanipa kilomita 61. Namba 32 haifiki 42. Zote mbili kabatini zinaandika asilimia 100. Kikombe kikijaa kimejaa, na ndoo ikijaa imejaa. Betri iliyochakaa inajaa haraka kwa sababu haichukui kitu. Asilimia inakueleza kujaa, haikuelezi ukubwa wa chombo.

Namba 32 ndiyo iliyoniacha njiani Mtoni, siku ambayo maduka mawili Bububu yalikuwa yananingojea kwa mzunguko wa pili, nami nilikuwa na trei nne za vileja nyuma. Nilisukuma mpaka kwenye kivuli cha mwembe, nikapiga simu. Kijana wa kituo alikuja na betri nyengine kwa pikipiki, akaniambia, "Nisamehe mama, hiyo naijua." Kama anaijua, kwa nini imo kabatini kwa bei ile ile? Nalipia umeme ambao betri haina mahali pa kuutia. Na nikirudisha betri iliyobakiwa na asilimia 40, hiyo nayo silipwi wala sipunguziwi.

Kwa haki yake, kijana yule tangu siku ile akiniona ananitafutia namba nzuri. Lakini huo ni wema wake, na mteja asiyejuana naye anapewa inayotoka.

Jambo jengine ni chumvi. Huku kwetu upepo wa bahari unafika kila pahala, na masika yakipita nilikuta unga wa kijani kwenye pini za shaba za plagi. Pini zisipogusana sawasawa, plagi inapata moto. Niliishika ikanichoma vidole. Sasa naweka kitambaa kikavu chini ya kiti, nafuta kila ninapobadilisha. Kazi hiyo ingefanywa na kituo.

Ramadhani ilikuwa ngumu. Siku za mwisho kuelekea Idi nilibadilisha mara mbili kwa siku, na kuna alasiri umeme ulikatika tangu adhuhuri, matundu yote manane yakawa mekundu. Sisi tulioishi lile giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa umeme wa chini ya bahari kutoka bara ulipokufa, tunajua kituo kisicho na akiba ya umeme wake hakitegemeki. Waweke sola na betri za akiba kituoni.

Mwanangu wa ndugu ananiuliza kama teksi nazo zitafika huku. Betri ya gari ina mamia ya kilo, huwezi kuinua kwa mshikio. Mashine inaifungua kwa chini. China, kampuni ya magari ya NIO wanafanya hivyo kila siku. Kampuni ya Better Place ya Israel nayo ilijaribu, vituo vyake vikibadilisha betri za Renault Fluence Z.E., ikafilisika 2013. Gari za kampuni nyengine hazikuingia kwenye vituo vile. Nalifikiria hilo nikimwona jirani yangu: kampuni nyengine, plagi nyengine, kabati letu halimfai.

Anayezunguka mjini, achukue. Anayekwenda shamba, Makunduchi au Nungwi, asichukue mpaka huko nako kuwe na kabati. Na kampuni iandike kwenye kila betri kilomita inazoweza, kisha bei ifuate hapo. Daftari langu lina namba za betri 26 tayari, nimewapelekea nakala.